Uwazi serikalini na mitandao ya kijamii: Mipaka ya sheria na maadili

KWA miongo mingi baada ya uhuru, siri ndiyo iliyokuwa kanuni katika afisi za serikali ya Kenya, nao uwazi ukawa hisani. Sheria ya Siri Rasmi, Sura ya 187, iliyoanza kutumika mwaka 1968, ilimfanya karani wa cheo cha chini aogope kutoa waraka hata kama waraka wenyewe ulionyesha jinsi mali ya umma ilivyokuwa ikiporwa.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa marehemu David Munyakei, aliyekuwa mfanyakazi wa Benki Kuu ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya tisini. Stakabadhi alizozitoa zilisaidia kufichua sakata ya Goldenberg, ambapo mabilioni ya fedha za umma yalilipwa kwa kisingizio cha kuuza dhahabu na almasi nchi za nje. Malipo yake hayakuwa shukrani. Alikamatwa, akashtakiwa chini ya sheria hiyo ya siri, akapoteza kazi. Ingawa kesi haikumtia hatiani, hakurudishwa kazini. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini.

Hali ya sasa ni tofauti, lakini haijawa nyepesi. Katiba ya mwaka 2010 iliupindua utaratibu wa zamani, nayo mitandao ya kijamii ikampa kila mwenye simu uwezo wa kutangaza. Waraka uliokuwa ukipitishwa kwa siri kutoka mkono hadi mkono sasa huweza kuwafikia watu milioni moja kabla ya jua kutua. Ndiyo maana afisa wa serikali, mwanahabari na mwananchi wa kawaida wanapaswa kufahamu sheria inaruhusu nini, inakataza nini, na ni wapi sheria inanyamaza na kuiachia dhamiri.

Haki ya kupata habari

Msingi wa uwazi ni Kifungu cha 35 cha Katiba. Kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, pamoja na habari zilizo kwa mtu mwingine ikiwa zinahitajika ili kulinda au kutekeleza haki fulani. Kifungu hicho pia kinampa kila mtu haki ya kutaka habari za uongo au za kupotosha zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe, na kinailazimu serikali ichapishe habari muhimu zinazoligusa taifa.

Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 ndiyo inayoeleza utaratibu. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, na mwombaji halazimiki kueleza anazitakia nini habari hizo. Afisa anayehusika hupewa siku 21 kutoa uamuzi, na anaweza kuongeza siku 14 ikiwa habari zinazotakiwa ni nyingi au zinahitaji kushauriana na wengine. Iwapo habari zinahusu uhai au uhuru wa mtu, jibu linatakiwa katika muda wa saa 48. Kuwasilisha ombi hakutozwi ada. Kinachoweza kulipiwa ni gharama ya kunakili na kumfikishia mwombaji nakala. Anayenyimwa anaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala (CAJ).

Hata hivyo, haki hii si ya kila habari. Sheria hiyo inaruhusu habari zizuiliwe iwapo kuzitoa kutahatarisha usalama wa taifa, kutavuruga utaratibu wa haki, kutahatarisha maisha, kutaingilia faragha ya mtu pasipo sababu ya haki, au kutaumiza maslahi halali ya kibiashara. Lakini mlango haufungwi kabisa: mahakama inaweza kuamuru habari zitolewe ikiona kwamba manufaa kwa umma yanazidi madhara.

Uzito wa kipengee hicho ulionekana katika suala la mikataba ya reli ya SGR. Mikopo ya kujenga reli hiyo ilikubaliwa na Benki ya Exim ya China mwaka 2014, na kwa miaka mingi serikali ilidai kwamba masharti ya usiri yaliizuia kuonyesha mikataba. Mnamo Mei 2022, Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua kwamba kuwanyima wananchi mikataba hiyo ni kukiuka haki yao. Novemba mwaka huo, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, Bw Kipchumba Murkomen, alichapisha sehemu ya mikataba hiyo. Alitumia mtandao wa kijamii kuisambaza, na kwa muda mfupi Wakenya walikuwa wakijadili vifungu vya riba na vya mahali pa kusuluhishia migogoro.

Uchaguzi nao umetoa funzo. Mahakama ya Juu ilipofutilia mbali matokeo ya uchaguzi wa urais mnamo Septemba 1, 2017, mojawapo ya mambo yaliyoiumiza Tume ya Uchaguzi (IEBC) ni kutotii amri ya kuruhusu mitambo yake ikaguliwe. Mwaka 2022 tume iliweka katika tovuti yake Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000, kila mwenye intaneti aweze kujumlisha kura mwenyewe. Mzozo haukukosekana, lakini mlalamishi na mlalamikiwa walikuwa wakibishana juu ya karatasi zilezile zilizoonwa na umma. Wahenga hawakukosea waliposema mficha uchi hazai.

Data za watu ndani ya nyaraka za umma

Hatari ya kwanza ya uwazi ni kwamba nyaraka za serikali zimejaa habari za watu binafsi: namba za vitambulisho, hali ya afya, anwani, majina ya watoto. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaifunga serikali sawa na inavyozifunga kampuni. Data zikusanywe kwa kusudi lililoelezwa, zisizidi kinachohitajika, na zitunzwe salama. Zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wahusika, Kamishna wa Ulinzi wa Data ajulishwe katika muda wa saa 72.

Mahakama imeonyesha kwamba masharti hayo si mapambo. Mnamo Oktoba 2021, Mahakama Kuu ilibatilisha hatua ya serikali ya kutoa kadi za Huduma kwa sababu athari za mpango huo kwa faragha hazikuwa zimetathminiwa kwanza jinsi sheria inavyotaka.

Juni mwaka huohuo wa 2021, Afisi ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa iliwawezesha Wakenya kukagua kupitia mtandao wa eCitizen kama wamesajiliwa kuwa wanachama wa chama chochote. Wengi walishtuka kujikuta ndani ya vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Sajili iliyofichwa ilikuwa imewaficha waliotumia vibaya data za watu. Ilipofunguliwa kwa njia iliyomruhusu kila mmoja aone habari zake tu, haki ya kujua na haki ya faragha zilitimizwa pamoja. Hilo linaonyesha kwamba haki hizo mbili si lazima zigombane.

Mambo yakifanywa bila uangalifu, matokeo huwa mengine. Mnamo Agosti 2023, polisi wa Ireland Kaskazini walijibu ombi la kawaida la mwananchi aliyetaka kujua idadi ya maafisa katika kila cheo. Jedwali walilolituma lilikuwa na ukurasa uliofichika, nao ulikuwa na majina ya ukoo, vyeo na vituo vya kazi vya wafanyakazi zaidi ya 9,400. Lilikaa mtandaoni saa kadhaa kabla ya kuondolewa. Katika nchi ambako maafisa wa polisi huwindwa na makundi yenye silaha, baadhi yao huwaficha hata jamaa zao kazi wanayoifanya. Mwaka 2024 kikosi hicho kilitozwa faini ya pauni 750,000. Hakuna aliyedukua chochote. Kilichokosekana ni mtu wa kulikagua faili kabla halijatumwa.

Hata takwimu zisizo na majina zinaweza kumfichua mtu. Ripoti ikisema katika kijiji fulani kuna mgonjwa mmoja wa ugonjwa fulani, mwanamke wa umri fulani, majirani hawahitaji kuambiwa jina. Kwa hiyo afisa anayechapisha takwimu anapaswa kujiuliza zinaweza kuunganishwa na nini kingine kinachojulikana tayari.

Wakati wa dharura

Uwazi hupata mtihani mkubwa zaidi wakati wa msiba. Magaidi waliposhambulia jumba la Westgate jijini Nairobi mnamo Septemba 21, 2013, wizara na polisi walitumia Twitter kuwapasha wananchi habari. Lilikuwa jambo jema, lakini baadhi ya jumbe zilitangaza kwamba jumba lilikuwa limedhibitiwa, ilhali mapambano yaliendelea hadi siku ya nne. Watu 67 waliuawa. Familia zilizokuwa zikingoja nje ziliyumbishwa kati ya matumaini na hofu kwa maneno ya serikali yao yenyewe.

Kuna somo la pande mbili hapo. Kutangaza mahali walipo wanajeshi au watu waliojificha kunaweza kuua. Kutangaza ushindi ambao haujapatikana nako kunaua imani ya umma, na imani hiyo ndiyo itakayohitajika katika dharura ijayo.

Mwanzoni mwa janga la Covid-19, Aprili 2020, serikali iliwatambulisha kwa taifa wagonjwa wawili wa kwanza waliopona. Nia ilikuwa kupunguza hofu na unyanyapaa. Badala yake wawili hao walikejeliwa mitandaoni, wakaitwa waigizaji, na picha za faragha zikasambazwa. Waziri wa Afya wa wakati huo, Bw Mutahi Kagwe, aliamuru waliohusika wasakwe. Amri hiyo ilikuja madhara yakiwa yametendeka tayari. Ridhaa ya mgonjwa ya kuzungumza na wanahabari haimaanishi kwamba ameelezwa yote yatakayomfika akishajulikana, na ni juu ya serikali kumweleza.

Akaunti ya afisi au ya mtu?

Gavana au waziri anapoandika mtandaoni, nani anazungumza? Suala hili lina uzito wa kisheria, kwani afisa wa umma anayemzuia mwananchi asisome au asijibu matangazo ya afisi anaweza kuwa anaingilia uhuru wa kujieleza chini ya Kifungu cha 33 na haki ya habari chini ya Kifungu cha 35.

Mahakama ya Juu ya Marekani ililitolea uamuzi suala kama hilo mnamo Machi 15, 2024, katika kesi ya Lindke dhidi ya Freed, iliyomhusu meneja wa mji wa Port Huron, Michigan. Majaji walisema kauli ya afisa katika akaunti yake huhesabiwa kuwa ya serikali ikiwa alikuwa na mamlaka halisi ya kuisemea serikali, na ikiwa alionekana kuyatumia mamlaka hayo alipoandika. Uamuzi huo hauzifungi mahakama za Kenya, lakini kipimo chake kinasaidia kutenganisha mawili hayo.

Njia salama ni kuwa na akaunti mbili. Ile ya afisi ibaki afisini mwenye cheo anapoondoka, jumbe zake zihifadhiwe kama nyaraka nyingine za umma, na zisifutwe kwa sababu tu zimeleta aibu. Anayerithi afisi asirithi pia akaunti tupu.

Ulinzi wa akaunti zenyewe nao si jambo dogo. Julai 2014 akaunti za Twitter za Jeshi la Kenya na za msemaji wake zilitekwa na wadukuzi. Machi 2019 Ikulu ilisimamisha kwa muda akaunti za Rais Uhuru Kenyatta ikieleza kwamba zilikuwa zimeingiliwa bila idhini. Julai 2023 mfumo wa eCitizen ulishambuliwa, na huduma nyingi zikakwama. Akaunti ambayo wananchi wameifanya chemchemi ya habari za kweli ikitekwa wakati wa uchaguzi au vita, ujumbe mmoja unatosha kuleta maafa.

Mtumishi wa umma akiwa mtandaoni

Mtumishi wa umma hapotezi uhuru wake wa kujieleza anapoajiriwa. Hata hivyo Sura ya Sita ya Katiba na Sheria ya Uongozi na Maadili ya mwaka 2012 zinamtaka aepuke mgongano wa maslahi, na afisa wa serikali asiyechaguliwa kwa kura asijihusishe na siasa za vyama. Karani wa uchaguzi anayemshangilia mgombea katika Facebook, au muuguzi anayepiga picha wodini mgonjwa akionekana nyuma yake, amevuka mpaka hata kama aliandika akiwa nyumbani na kwa simu yake mwenyewe. Maneno ya kwamba maoni hayo ni yake binafsi hayamfuniki.

Wabunge nao wakumbuke kwamba kinga ya maneno waliyoyasema katika vikao vya Bunge haiwafuati nje. Tuhuma zilizotolewa ndani ya ukumbi zinalindwa, lakini zikiandikwa upya mtandaoni, mwandishi anaweza kushtakiwa kwa kumharibia mtu jina.

Mwananchi na sheria za mitandao

Katika muongo uliopita mahakama zimepunguza makali ya sheria zilizotumiwa kuwanyamazisha wakosoaji. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi alibatilisha sehemu ya 29 ya Sheria ya Habari na Mawasiliano, iliyoharamisha matumizi mabaya ya mitambo ya mawasiliano kwa maneno yasiyoeleweka vyema. Februari 2017 Jaji John Mativo aliamua kwamba kumfunga mtu kwa kumharibia mwingine jina ni kinyume cha Katiba. Aprili mwaka huo, katika kesi ya mwanablogu Robert Alai, sehemu ya 132 ya Kanuni ya Adhabu, iliyohusu kudunisha mamlaka ya afisa wa umma, nayo ikaanguka.

Lakini Bunge lilipitisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni mwaka 2018, ikiwa na adhabu ya hadi Sh5 milioni au kifungo cha hadi miaka 10 kwa kuchapisha habari za uongo zinazoweza kuzua taharuki. Chama cha wanablogu, BAKE, kilikwenda kortini, na Mei 2018 vifungu 26 vikasimamishwa. Februari 2020 Mahakama Kuu ilisema sheria hiyo haikukiuka Katiba, nao mvutano kuihusu ukaendelea. Mwaka 2025 sheria hiyo ilifanyiwa mabadiliko, na baadhi ya mabadiliko hayo yakapingwa mahakamani papo hapo.

Kufutwa kwa makosa ya jinai hakumaanishi kwamba kila neno ni huru. Aliyeharibiwa jina bado anaweza kudai fidia katika kesi ya madai, mradi afike kortini katika muda wa miezi 12. Sheria ya Utangamano na Uwiano ya mwaka 2008 inaadhibu matamshi ya chuki kwa faini ya hadi Sh1 milioni, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Anayesambaza ujumbe wa mwingine asidhani yumo salama kwa kuwa si yeye aliyeutunga.

Picha pia zina mwenyewe. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na kilabu kimoja cha Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja asiyekubali. Kaunti inayochapisha picha za watoto wakipokea basari ina wajibu uleule.

Sheria inaponyamaza

Yapo mambo ambayo hayamaliziki kwa vifungu. Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipokuwa Bungeni, namba za simu za wabunge zilisambazwa mitandaoni na maelfu ya vijana wakawaandikia wakiwataka waukatae. Mwakilishi kuandikiwa na anaowawakilisha ni kiini cha demokrasia. Hata hivyo namba ya mke wake, shule ya watoto wake na ramani ya nyumba yake haviongezi chochote katika hoja ya kodi. Kinachotenganisha mambo hayo ni kama habari inahusu kazi ya umma au inahusu tu mahali pa kumuumizia mtu.

Kwa upande wa serikali, majaribu ni kujificha nyuma ya faragha. Sheria ya data iliundwa kumlinda mwananchi dhidi ya wenye nguvu. Haikuundwa kuficha jina la kampuni iliyopewa zabuni au kiasi ilicholipwa. Afisa anayemnyima mwananchi mkataba mzima kwa sababu una namba moja ya simu angeweza kuifuta namba hiyo na kutoa waraka uliosalia.

Wanaobaki hatarini zaidi ni wafichuzi wa maovu. Sheria ya mwaka 2016 inamlinda anayetoa habari kwa manufaa ya umma asiadhibiwe, lakini miswada ya kuweka sheria kamili ya wafichuzi imekuwa ikiandaliwa na kukwama tangu muongo uliopita. Mfanyakazi aliye na ushahidi wa wizi yafaa aupeleke kwanza kwa asasi yenye mamlaka ya kuuchunguza, kama vile Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi (EACC), ambayo ina njia ya kupokea taarifa bila jina. Akiuweka mtandaoni moja kwa moja, huenda akajianika yeye mwenyewe, akamtaja asiye na hatia na kumpa mwizi nafasi ya kuharibu nyaraka zilizosalia.

Kabla ya kuchapisha

Kutokana na hayo yote, maswali machache yanaweza kumsaidia afisa na mwananchi. Je, habari hii ni ya kweli, na imethibitishwa na nani? Inahusu kazi ya umma au maisha ya mtu binafsi? Ndani yake mna jina, picha au namba ambayo ikiondolewa maana haitapungua? Nani anaweza kudhurika, naye amepewa nafasi ya kujibu? Ikiwa inanyimwa, ni sababu ipi hasa katika sheria inayotajwa, na imeandikwa?

Swali la mwisho ni la serikali pekee. Afisa anayekataa kutoa habari anatakiwa kumpa mwombaji sababu kwa maandishi na kumweleza anakoweza kulalamika. Mwananchi aliyenyamaziwa hadi siku 21 zikapita naye anahesabiwa kuwa amenyimwa, na anaweza kwenda kwa CAJ siku inayofuata.